Kiungo Kiletwe Polisi, Jina Lisitupwe Sokoni

Mazungumzo ya Ofisa Uhusiano wa Polisi mbele ya wakazi, wafanyabiashara na vijana wa mpaka wa Busia, katika mkutano wa polisi na jamii

Najua kwamba saa moja ya mfanyabiashara ina bei yake, nami nitajitahidi isipotee bure.

Sisi tunaoishi hapa tunafahamu kwamba mpaka ni mstari wa serikali, lakini maisha hayana mstari. Miji yetu miwili ina jina moja. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwezi Februari 2018, mvukaji husimama upande mmoja tu, ule anaoingia. Wengi wetu tuna laini mbili mfukoni, moja ya Uganda na moja ya Kenya, na mara nyingine simu hushika mnara wa jirani bila hata kutuuliza. Habari njema huvuka kwa urahisi huo. Habari ya uongo nayo huvuka vivyo hivyo, wala hakuna anayeigongea muhuri.

Leo nimeombwa nizungumze juu ya mambo mawili ambayo watu huyaona mbalimbali, nami katika kazi yangu nimeyaona yakitembea pamoja kama mtu na kivuli chake. La kwanza ni viungo vya uongo vya kupakua programu kwenye simu. La pili ni kuchafuliana majina baada ya viungo hivyo kutuumiza.

Nianze na tukio. Katika mji mmoja wa mpakani niliowahi kufanyia kazi alikuwapo mama mmoja muuza dagaa, wale tunaowaita mukene upande huu na omena upande ule. Alikuwa na wateja wa pande zote mbili, na biashara yake ilisimama juu ya neno lake: akisema mzigo umefika, umefika. Siku moja fundi wa simu wa soko lile aliweka kiungo katika kundi la wafanyabiashara. Kiungo kilisema kwamba kuna WhatsApp mpya, yenye rangi za kupendeza na uwezo wa kusoma ujumbe uliofutwa. Mama akabonyeza, akapakua, akakubali kila ruhusa aliyoombwa. Programu ikafanya kazi vizuri, naye akamshukuru fundi mbele ya kundi zima.

Baada ya siku chache wateja wake wanne walipokea ujumbe kutoka kwa namba yake, wenye picha yake: mzigo umepatikana kwa bei nafuu, tumeni malipo ya awali kwenye namba hii ya ndugu yangu. Wakatuma. Jumla yake ilizidi shilingi milioni moja za Uganda. Mama hakuandika neno hata moja kati ya hayo. Mtu asiyemjua alikuwa ameingia katika akaunti yake na kuzungumza kwa mdomo wake.

Sasa tazameni jinsi moto ulivyosambaa. Wateja walipokosa mzigo, wawili waliitoa picha ya mama katika makundi ya upande wa pili, na chini yake wakaandika: tapeli. Mama akakimbilia kituo cha polisi. Ilikuwa Ijumaa jioni. Pale kaunta akaambiwa arudi Jumatatu na karatasi zilizochapishwa. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana sikuja hapa kuwalaumu wananchi peke yao. Akarudi nyumbani akiwa na uchungu, naye akafanya kama alivyofanyiwa: akaweka picha ya fundi katika kundi na kuandika kwamba huyu ndiye mwizi aliyetumaliza.

Kesho yake, kabla ya saa nne asubuhi, kibanda cha fundi kilikuwa kimezingirwa. Mlango ulivunjwa, na simu za wateja zilizokuwa zikisubiri matengenezo zikabebwa na watu ambao, nina hakika, hawakujua hata ugomvi ulihusu nini. Fundi aliokolewa na jirani yake muuza unga, aliyemficha nyuma ya magunia mpaka askari wetu walipofika. Ndugu zangu, kijana yule alibakiza dakika chache tu awe maiti.

Tulipochunguza tuligundua nini? Fundi alikuwa amekipata kiungo kile katika kundi jingine, akakitumia katika simu yake mwenyewe kabla ya kukisambaza. Akaunti yake nayo ilikuwa imetekwa, na wakwe zake walikuwa wameombwa pesa kwa jina lake. Aliona haya kulisema. Mwizi halisi hakutajwa hata mara moja katika kundi. Tulipoifikia namba iliyopokea pesa, siku ya Jumatatu, pesa zilikuwa zimekwisha kutolewa na laini imezimwa.

Watu wawili waliitwa wezi hadharani, na wote wawili walikuwa wameibiwa. Siku tatu ambazo zingetumika kuzifuata pesa zilitumika kufuatana wenyewe kwa wenyewe. Hilo ndilo ninaloomba mlichukue nyumbani leo: kiungo kiletwe polisi, jina lisitupwe sokoni.

Sasa tuulizane, kiungo hutudanganyaje? Kwa kawaida hutumia njia tatu.

Njia ya kwanza ni anwani inayofanana na ya kweli. Mtu huona neno WhatsApp, au jina la benki yake, akaridhika. Lakini anwani haisomwi kama jina la mtu. Tazameni sehemu iliyo kabla ya mkwaju wa kwanza baada ya jina, kisha msome kuanzia mwisho. Neno linaloegemea nukta ya mwisho ndilo kwa kawaida huonyesha mwenye nyumba. Yaliyotangulia ni vyumba tu, na kila mwenye nyumba hukiita chumba chake jina alitakalo. Jina linalojulikana likiongezewa kistari na neno jingine, au herufi moja ikibadilishwa, hiyo ni nyumba ya mtu mwingine.

Njia ya pili ni kitufe. Unafika kwenye ukurasa unaotoa programu ya kweli, lakini umezungukwa na vitufe vikubwa vya kijani vilivyoandikwa "Pakua". Vingi ni matangazo ya watu wengine. Kitufe halisi mara nyingi ni kidogo na kimekaa kando. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na katika simu, kitufe kinachokupigia kelele sana ndicho cha kutiliwa shaka.

Njia ya tatu ni faili la programu linalotumwa moja kwa moja kutoka simu hadi simu, bila kupitia duka rasmi la programu. Simu za Android hutoa onyo kwamba chanzo hakijulikani. Sisi hulizima onyo hilo kama mtu anayemfunga mbwa wake mdomo usiku ule ule mwizi anapopita. Kisha programu huomba ruhusa: isome ujumbe wako, ione majina ya watu wako, isikilize, ijiweke juu ya programu nyingine. Jiulizeni, tochi inahitaji kusoma ujumbe wangu kwa nini?

Mambo haya yanatuhusu hasa sisi. Mnakumbuka mwezi Julai 2018, Uganda ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Watu wengi walitafuta programu za VPN ili kuikwepa kodi ile, na viungo vikapokezwa kutoka mkono hadi mkono bila mtu kuuliza nani aliyezitengeneza. Tabia ile ya kupokea programu kwa rafiki haikuondoka. Na mwezi Oktoba 2022 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo moja la YoWhatsApp, programu iliyoigizwa kwa WhatsApp na kuongezewa manjonjo, lilikuwa likituma kwenye mtambo wa mbali funguo za kuingilia akaunti za watumiaji. Mwenye funguo hizo anaweza kuiingia akaunti na kujifanya wewe, kama alivyofanyiwa mama yetu wa dagaa.

Lakini nataka niwape na mfano wa pili, kwa sababu unatufundisha kutoharakisha kuhukumu. Mwaka 2017 programu ya kusafisha kompyuta iitwayo CCleaner ilitolewa katika toleo lenye namba 5.33. Watu waliipakua kutoka kwa wenyewe hasa, si kutoka kichochoroni. Kumbe wahalifu walikuwa wameingia ndani ya mitambo ya watengenezaji na kutia sumu humo humo. Kompyuta zipatazo milioni 2.27 zilipokea toleo hilo kabla ya hila kugunduliwa mwezi Septemba. Sasa, kama kampuni yenye wataalamu iliweza kuwapa wateja wake sumu bila kujua, fundi wetu wa sokoni atashindwaje kusambaza kiungo kibaya kwa moyo mweupe? Mimi mwenyewe, na sare hii, niliwahi kupeleka katika kundi la ukoo wetu kiungo cha bando la bure, na mpwa wangu wa kidato cha pili ndiye aliyenisahihisha. Aliyekuletea kiungo ni shahidi wa kwanza. Huenda akawa mhalifu, huenda akawa mwathirika kama wewe. Hilo litajulikana kwa uchunguzi, si kwa wingi wa watu walioshika mawe.

Niingie sasa katika suala la majina. Mtu ana haki ya kuwaonya wenzake, na tunamwomba aitumie. Ila kuna tofauti kati ya kusema yaliyokupata na kusema usiyoyajua. Ukisema, "Nilifungua kiungo hiki jana, na baada yake akaunti yangu ikaanza kuomba watu pesa, msikifungue, nimeripoti polisi," umesema uliyoyaona, umewakinga wenzako, na hukumwonea mtu. Ukisema, "Fulani ni mwizi," umetoa hukumu. Aliyehukumiwa anaweza kukutaka uithibitishe mahakamani, na siku hiyo hasira yako haitapokewa kama kielelezo.

Hata wataalamu hufikishana huko. Mwaka 2016, nchini Marekani, kampuni ya Enigma Software iliishtaki tovuti ya ushauri wa kompyuta ya Bleeping Computer katika mahakama ya New York, kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa na mshauri mmoja juu ya programu yake ya SpyHunter. Walioshtakiwa nao wakafungua madai yao dhidi ya kampuni ile. Shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano mwezi Machi 2017, baada ya zaidi ya mwaka mzima. Hayo ni maneno machache juu ya programu moja. Je, maneno juu ya mtoto wa mtu?

Sheria inasemaje kwetu? Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Inakataza kuingia katika mitambo na taarifa za mtu bila idhini, inakataza udanganyifu wa kielektroniki, na inakataza kumwandama mtu kwa njia ya mtandao. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao. Kwa hiyo aliyetengeneza kiungo kile ana kosa pande zote mbili za barabara.

Hata hivyo nasema waziwazi, nikiwa nimevaa sare hii, kwamba kuudhika peke yake si jinai. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu cha 25 cha sheria ile ya 2011, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno na hayakueleweka mipaka yake. Nchini Kenya, mwaka 2017, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha kanuni ya adhabu kilichofanya kashfa kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Basi asije mtu kituoni kwetu akidhani polisi ni fimbo ya kumchapia kila aliyemsema vibaya. Lakini msielewe kwamba majina sasa ni mali isiyo na mwenyewe. Kesi ya madai ipo Uganda na ipo Kenya. Aliyechafuliwa jina kwa uongo anaweza kudai fidia. Na aliyeukusanya umati kwa maneno yake, damu ikamwagika, asitarajie kwamba simu yake haitasomwa.

Sasa mtu akiumizwa na kiungo afanye nini? Nitasema polepole ili mwenye kalamu aandike.

Kwanza, pigia mtandao wako wa simu mara moja, na umtake kila aliyetuma pesa apigie wake. Omba muamala usimamishwe ikiwa bado haujatolewa. Hapa dakika zina thamani kuliko siku.

Pili, usifute chochote. Watu wengi, kwa aibu au kwa hasira, hufuta ujumbe kisha huja kwetu mikono mitupu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba iliyoleta kiungo, tarehe na saa. Kiungo chenyewe kinakilishwe bila kufunguliwa tena. Ujumbe wa muamala wenye namba yake ya kumbukumbu utunzwe. Nanyi mafundi, msisafishe simu ya mteja aliyeibiwa kabla hajaripoti, maana mnausafisha ushahidi.

Tatu, okoa akaunti. Ondoa programu ile, pakua ya kweli kutoka duka rasmi, kisha isajili upya namba yako kwa tarakimu sita utakazotumiwa. Tarakimu hizo hapewi mtu, hata akisema ni askari, hata akisema ni mimi. Angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usichokijua. Weka pia namba ya siri ya hatua ya pili.

Nne, njoo kituoni siku hiyo hiyo. Kuripoti ni bure. Sema kwanza yaliyotokea kwa mpangilio wake, kisha sema unayemshuku na kwa nini. Kama aliyekudhuru ana namba ya nchi jirani, usikate tamaa. Polisi wa nchi zetu wanashirikiana, na sote ni wanachama wa umoja wa wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki, EAPCCO, ulioanzishwa mwaka 1998. Anza na kituo kilicho karibu nawe.

Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp, ninyi ni wenyeviti wa vijiji visivyo na miti. Picha ya mtu ikitupwa kundini na neno mwizi chini yake, iondoeni, kisha mwambieni aliyeileta aende kituoni, na ikiwezekana msindikizeni. Kuiondoa picha si kumlinda mwizi. Ni kuwazuia watu mia mbili wasiwe mahakimu kabla ya chakula cha mchana.

Nilisema nitarudi kwenye ile kaunta. Mama yule aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Afande, mimi nilikuja kwenu kwanza. Kundi lilinisikiliza, ninyi hamkunisikiliza." Sikuwa na jibu. Hatuwezi kuwaambia wananchi wasipeleke mashtaka yao sokoni huku mlango wetu ukiwa umefungwa mpaka Jumatatu. Mkuu wangu yupo hapa, ananisikia, na ameniruhusu niseme mbele yenu: anayekuja na malalamiko ya wizi wa mtandao aandikiwe maelezo yake siku hiyo hiyo, usiku au mchana, akiwa na ushahidi katika simu yake hata kama hana karatasi, na aondoke na namba ya kumbukumbu ya shauri lake. Asiyehudumiwa hivyo aulize jina la askari aliyekuwa zamu, kisha aje kwangu.

Mtauliza iliishaje. Pesa za wateja hazikurudi zote. Mama aliwaita wateja wake wanne, akawaonyesha barua yetu iliyoeleza kwamba akaunti yake ilitekwa, na watatu wanaendelea kununua kwake. Alikwenda pia kwa fundi pamoja na mwenyekiti wa LC na kumwomba radhi, kisha akaandika radhi hiyo katika kundi lile lile. Fundi aliipokea. Lakini hakurudi katika soko lile. Alihamia mji mwingine, kwa sababu picha yake ilikuwa imevuka mpaka, na radhi haikuvuka nayo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wazee wangu, mama zangu, vijana wenzangu, simu tunayoibeba ni chombo cha kazi na ni mdomo pia. Tukichunge kama chombo, tukichunge na kama mdomo. Nitabaki hapa chini ya mwembe baada ya mkutano. Mwenye kiungo anachokitilia shaka anionyeshe, tukisome pamoja kabla hajakifungua.

Kwa Mungu na Nchi Yangu.